Chembe ya Chuma

Marhuni alizaliwa Wete, Pemba, na kwa miaka ishirini alikuwa akitengeneza milango ya chuma katika karakana moja mjini Ibra, ng'ambo ya bahari. Miwani ya kazi aliitundika msumarini, maana ilijaa ukungu wa jasho. Asubuhi moja ya mwaka 1997, mashine ya kusagia chuma ilirusha cheche, na kitu kikamchoma jicho la kulia. Akanawa maji, akaendelea na kazi.

Baada ya miezi miwili mkewe, Ghalia, alimkazia macho. "Bwana, jicho lako limegeuka rangi. Twende hospitali."

"Vumbi tu, Bi Ghalia. Litatoka lenyewe."

Halikutoka. Hospitalini daktari alimmulika jicho kwa muda mrefu, kisha akasema chembe ya chuma imo ndani, inashika kutu, na jicho halitaona tena. "Tuliondoe upesi, mzee. Likibaki, mwili waweza kuligeukia hata lile zima, nalo lipofuke; dalili ya kwanza ni kuumizwa na mwanga."

Marhuni aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya pili alipofungua dirisha, mwanga ulimchoma jicho la kushoto, lile zima. Akamwita Ghalia amshike mkono, wakaenda hospitali. Jicho la kulia liliondolewa siku hiyo hiyo. Kuhusu la kushoto, daktari hakuahidi kuwa litaendelea kuona.