Bibi Natalia na Sahani ya Jioni

Mwaka mafuriko yalipozoa mpunga wao, Eveline wa Lipangalala alianza kubana matumizi. Sukari aliiacha, mkaa akaubadilisha kwa pumba za mpunga alizokuwa akiokota kwenye mashine ya kukoboa, na mboga ikawa matembele ya nyuma ya nyumba. Watoto walizoea. Mama mkwe wake, bibi Natalia, naye hakulalamika. Ila kila jioni aliisogeza sahani yake kwa wajukuu.

"Nimeshiba, mwanangu. Sisi wazee hatuli sana."

Eveline alimwamini, na moyoni alishukuru, maana ugali uliwatosha watoto.

Masika yalipokwisha, bibi alianguka akifagia uwanja. Hospitalini muuguzi alimfungua kanga ampime, akamgeukia Eveline. "Dada, huyu mama hali chakula?"

Ndipo Eveline alipoziona mbavu. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipa cha kwako," bibi alisema, akimpapasa mkono.

Hakurudi nyumbani. Walimzika kwao Mahenge, na Eveline alilia kaburini mpaka mawifi wakamwinua. Walimsifu kwa kumpenda mkwe wake hivyo. Hakuweza kuwaeleza kwamba kila jioni sahani ile iliposogezwa, alishukuru.