Paka Niliyemfungisha Kwaresima

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha mtaisikia kwa wengine: mimi, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke wa kuwahi kanisani kabla mashemasi hawajavaa, nilikamatwa na paja la kuku ndani ya sidiria, Ijumaa ya Kwaresima, katikati ya Njia ya Msalaba, sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya watu ambao wiki moja kabla nilikuwa nimewasema kwa ajili ya supu. Mkitaka kucheka chekeni. Kariakoo imecheka, Gerezani kwa mafundi gereji wamecheka, sijui nyinyi mnasubiri nini.

Chanzo ni paka. Hapana, niseme kweli, chanzo ni mjukuu wangu Aika, mtoto wa binti yangu Felista, ambaye nimemlea mimi humu humu ghorofa ya tatu tangu hajaota meno, mama yake akiwa kwenye zamu za uuguzi usiku na mchana. Mwaka jana Felista akapata kazi Ujerumani, akamchukua mwanawe, paka akabaki. Siku ya kuondoka mtoto alinikabidhi yule paka kama mtu anavyokabidhi kichanga kwa padri, kwa mikono miwili, akaniambia, "Bibi, Tambi anakula nyama na samaki. Usimpe ugali, hauwezi." Nikamwambia sawa mama. (Nilisema ile sawa ya kumwondoa mtoto mlangoni asije akalia. Mimi na darasa langu la nne, nimekulia Kibosho, paka nimewaona, walikula kilichobaki kwenye sufuria na hakuna aliyekufa.)

Basi kila Jumapili nikirudi misa ya pili simu inaita, ile ya kuonana sura, na neno la kwanza la mtoto ni moja tu: "Tambi yuko wapi?" Namwinua paka mbele ya simu, yeye anaongea na paka, na mimi namchungulia Aika katikati ya masikio ya paka kama mtu anayechungulia harusi ya watu dirishani. Naona meno mapya yameota makubwa. Naona sweta ambayo sikumnunulia mimi. Siku moja alitaka kuniambia kwamba anamsaidia mama yake kufagia, neno fagio likamkataa kabisa, akafanya na mkono tu hivi, hivi. Nikacheka naye. Simu ilipokatika nikaingia jikoni nikalishika lile fagio nikalia kama nimefiwa. Nikajua moyoni: siku paka akifa, simu hii haitaita. Nani atapiga simu toka Ulaya kuangalia kibibi kimekaa kwenye kochi?

Sasa mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zikaingia pamoja. Nikaweka nadhiri. Nilisema Bwana, nyama haitaingia nyumba hii mpaka Pasaka, nawe uniletee Aika likizo ile ndefu, nimwone hata wiki mbili, nimsuke nywele. Nikapiga magoti vizuri, nikainuka, na hapo ndipo nilipoharibu, maana nikamwona Tambi amekaa kwenye mkeka ananitazama, nikamwambia, "Na wewe unafunga. Wewe ndiye wa kwake hasa, sala yako itafika mbele ya yangu." Jamani, nilimwambia paka hivyo, nikaona nimesema jambo la busara.

Nikaanza kumpa maharage. Siyo maharage ovyo ovyo, maharage ya nazi, yenye vitunguu na karoti, ambayo watu wa jumuiya yangu wanaulizia. Akanusa, akanitazama, akaondoka. Nikampa ndizi za kuchemsha na maziwa. Maziwa akayanywa yote, nikafurahi, kesho yake asubuhi nyumba nzima ilikuwa inanuka na mimi niko chini na tambara na ndoo. Nikampa uji. Nikampa ugali nimeuchovya kwenye mchuzi wa mchicha. Akawa anakula kidogo kidogo kama mgonjwa anayewaridhisha waliokuja kumwona. Manyoya yakafifia, yakasimama kama ya fagio la chelewa, mgongo ukawa unahesabika. (Msiniambie habari ya panya. Panya wa Kariakoo wanashinda sokoni wakila vinono, akipanda mmoja mpaka ghorofa ya tatu ni Tambi ndiye anayekimbia.)

Jumapili ikafika, simu ikaita. Nikamtazama paka, nikaitazama simu, nikaona nikimwinua hivi alivyo mtoto atapiga kelele huko aliko. Nikaacha ikaita mpaka ikachoka. Nikamtumia Felista ujumbe wa sauti kwamba mtandao unasumbua. Jumapili ya pili, mtandao tena. Nilikaa na ile simu mapajani inatetemeka, na picha ya Aika imejaa kwenye kioo, natamani kubonyeza kama mtu mwenye kiu mbele ya bomba, na sikubonyeza. Kwa ajili ya paka!

Ijumaa ikaja, zamu ya jumuiya ikawa kwangu. Nimefagia, nimetandika meza kitambaa cheupe mpaka chini, msalaba, mishumaa miwili, watu wamejaa mpaka koridoni. Mstari wa mbele amekaa Mama Prosper, muuza vyombo vya jumla, ndiye yule niliyemsimamisha wiki moja kabla mbele ya wenzake nikamwambia Ijumaa mdomo wake unanuka supu ya kongoro. Alikuwa amekaa kama mtu aliyekuja kukagua.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Swafia, Mwarabu wa duka la udi na manukato hapo chini, mwanamke wa maneno yake na moyo mweupe. Jioni ile alikuwa anaandaa futari ya ugeni, na harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa inapita kwenye nondo za dirisha bila kubisha hodi. Mimi mwenyewe mate yalikuwa yananijaa katikati ya wimbo.

Tumefika kituo cha Bwana kuanguka mara ya pili, watu wote magotini, kimya. Nikasikia chini ya meza: kra. Kra, kra. Kitambaa cheupe kikaanza kucheza. Mishumaa ikatikisika. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, nadhani alifikiri ni shetani. Mimi niliyekuwa karibu nikaingiza mkono chini ya kitambaa huku nasali kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, nikashika kitu cha moto chenye mafuta, na upande wa pili kimeshikwa na meno. Nikavuta. Naye akavuta. Nikavuta kwa nguvu za Kibosho, kikatoka: paja la kuku, zima, limeiva vizuri.

Sasa fikirini wenyewe. Ningelinyanyua nikasema jamani paka ameiba, ingeisha pale pale. Lakini mbele ya Mama Prosper? Akili ya haraka ikaniambia ficha, na mkono ukalipeleka mahali ambapo sisi wanawake wa rika langu tunaficha kila kitu, pesa, funguo, tiketi ya mwendokasi. Nikalitumbukiza kifuani, nikavuta kitenge juu, nikasimama kuongoza kituo kinachofuata na mafuta yanateremka tumboni.

Tambi akatoka chini ya meza. Paka ambaye wiki nzima alikuwa hana nguvu ya kupanda kochi alinirukia akanipanda kama mnazi, kucha kwenye kitenge, kichwa kwenye kifua changu, analia mlio ambao sijawahi kuusikia kwake, siyo miau, ni kama mtoto anayedai haki yake. Namsukuma, anarudi. "Toka! Toka wewe!" Kitabu cha sala kikaanguka, kitenge kikafunguka, na katika ule ubishi paja likachomoza kifupa chake juu ya sidiria, mbele ya jumuiya nzima.

Na mlangoni, katika dakika hiyo hiyo, kama aliyeitwa na tarumbeta, Bi Swafia na mwiko mkononi: "Hodi, samahanini kwa ibada yenu, Mama Felista, kuku wangu amepungua paja..."

Ameliona.

Mama Prosper akainuka kutoka magotini polepole, akajipangusa magoti, akasema, "Mwenyekiti. Kumbe sisi tunanuka mdomo, wewe umehifadhi kifuani!"

Jamani kile kicheko. Watu walicheka mpaka mshumaa mmoja ukazimika. Mzee wa kwaya, ambaye mimi nilidhani hajui kucheka, alitoka nje akajishika kwenye ukuta wa korido. Mimi nasema ni paka, ni paka, na kadiri ninavyosema ndivyo wanavyozidi, maana paka yuko pale bado ananing'inia begani analamba shingo yangu.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Swafia. Alikuja akamtoa yule paka mwilini mwangu, akampapasa mbavu, akaacha kupapasa. Akaniuliza taratibu, "Shoga, huyu kiumbe anakula nini?"

"Maharage."

"Maharage?"

"Ya nazi. Tumefunga."

"Wewe umefunga. Mimi nimefunga, nia nimeiweka mwenyewe usiku nikiwa na akili zangu. Yeye nia amewekewa na nani?"

Akalichukua lile paja hapo lilipo (ndiyo, mwenyewe kwa mkono wake, kwenye kifua changu), akanyofoa nyama akamlisha vipande vipande sakafuni, mfupa akaurudisha kwangu. Jumuiya nzima ikasimama kuangalia paka anakula. Alikula macho yamefumba. Hata Mama Prosper alikoma kucheka.

Kesho yake asubuhi Bi Swafia akanipakia kwenye bajaji, mimi na Tambi ndani ya kapu, mpaka Upanga kwa daktari wa wanyama. Daktari mwenyewe binti mdogo, "Shikamoo Bibi," "Marahaba," akamweka paka mezani, akamfunua midomo, akauliza tunampa nini. Nikamtazama Bi Swafia anisaidie. Akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi nimefunga, sitaki kucheka."

Nikaeleza. Yule binti hakucheka, Mungu ambariki. Akasema, "Bibi, mbwa angevumilia. Paka hawezi, mwili wake umeumbwa kwa nyama. Vitunguu vinamharibia damu, maziwa yanamharisha. Na kuna kitu kimo ndani ya nyama, kwenye moyo ndiko kimejaa zaidi, ambacho mwili wake haujitengenezei cha kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho yanaingia giza na moyo unachoka."

Nikasikia Bi Swafia ananishika mkono, maana machozi yalikuwa yameshaanza na hakuna aliyekuwa ameniuliza chochote.

"Huyu umemwahi," yule binti akasema. "Atarudi." Akaniambia nimpe nyama, samaki, firigisi, moyo wa ng'ombe, dagaa nioshe chumvi, maini kidogo kidogo tu yasizidi, mifupa ya kupikwa asiguse, na maji safi wakati wote.

Basi mwenyekiti wa jumuiya akasimama kwenye foleni ya bucha Kariakoo, Kwaresima, na kitenge cha kanisa, kununua moyo wa ng'ombe. Muuzaji akapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara: "Bibi! Si umefunga wewe?"

"Ni ya paka."

"Aaah, ya paka. Nimkatie paka vipande vya kupikia na ndizi?"

Wapagazi wakashusha mizigo ili wacheke vizuri.

Jumapili simu ikaita. Nikaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Nikamweka Tambi mbele, bado amekonda lakini macho yanang'aa, nikajificha nyuma yake nikasema yote kwa mkupuo, kwamba nimemfungisha, nimempa maharage, mtandao ulikuwa mzima, mimi ndiye niliyekuwa muongo, asinikasirikie, asiache kupiga.

Kisha Aika akasema, "Bibi, mtoe paka."

"Nini mama?"

"Mtoe. Sikuoni." Nikamtoa. Akanitazama, uso wake umejaa kioo chote. "Nilipiga, nilipiga. Nilidhani umekufa."

"Mimi? Si ulikuwa unamtafuta Tambi?"

"Tambi haongei, Bibi." Akasema kama anamfundisha mtoto mdogo. "Nikimwona Tambi najua uko hapo nyuma umemshika."

Likizo hiyo hatakuja. Felista aliniambia siku ile ile, zamu zimebana, labda mwakani. Kwa upande wangu nadhiri nimeitimiza mpaka Pasaka hata hivyo, maana niliahidi, na nyama aliyokula Tambi sikuionja hata mchuzi wake. Kwaresima ijayo, Mungu akinipa uzima, nitafunga tena, nitafunga mdomo wangu huu mmoja unaosema wenzake. Wa paka sitaugusa. Na simu ikiita siku ya Jumapili nitaipokea, hata nyumba ikiwa inaungua, hata nikiwa na kuku mzima kifuani, niinuliwe mbele ya kioo hivyo hivyo mtoto anione.