Mkasi Chini ya Kiti

Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, lakini hili nimelimeza miaka mingi. Bwana Vifungo na mimi tulishona kwenye baraza moja miaka kumi na tisa, cherehani yake huku, yangu kule. Tulimwita hivyo kwa sababu jua liwake lisiwake, shati lake la mikono mirefu lilifungwa vifungo vyote. Chini ya shati hilo ngozi yake ilikuwa na mabaka mekundu yenye magamba, yaliyomwasha tangu ujanani. Hayaambukizi. Alituambia mafundi wenzake mara moja, hakurudia.

Nami siku ileile nikaanza kuficha mkasi wangu chini ya kiti, asije akauazima. Hakuwahi kuuomba. Mwanamume aliyeshinda akipima watu mabega na viuno, na hakuna hata mmoja aliyemgusa yeye. Chai alikunywa peke yake, akiwa ametupa mgongo.

Mwaka juzi baka moja karibu na kiwiko cha kulia likawa kidonda, kikagoma kupona. Akafanya ujinga ambao ni fundi cherehani tu angeufanya: akashonea bitana nzito ndani ya mkono wa shati ili damu isionekane. Miezi minane! Siku bitana ilipolowa mbele yangu nilimfokea, aende hospitali au nimburute. Akaniomba niingie naye kwa daktari, maana hakuwa na mtu mwingine.

Ilikuwa saratani ya ngozi. Daktari alitueleza taratibu kwamba wengi wenye mabaka kama yake hawafikii saratani, lakini ngozi ikivimba na kuwaka miaka nenda miaka rudi, chembe hai zake hubaki na alama. Hata pale maagizo ya urithi aliyozaliwa nayo mtu ndani ya chembe hizo hayajabadilika, alama hizo ndizo zinazoamua lipi lisomwe na lipi lirukwe. Kwake, agizo la kuzuia chembe zisizaliane ovyo lilikuwa linarukwa.

"Kumbe kitambaa ni kilekile," akasema Bwana Vifungo, "alama za chaki ndizo zimekosewa."

Daktari akakubali. Kisha akasema kama kidonda kimeshazama hadi mfupani, mkono utaondolewa. Mkono wa kulia wa fundi, jamani. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Hakikuwa kimezama. Walikikata, wakaziba kwa ngozi ya paja, naye hurudi kuchunguzwa kila baada ya miezi mitatu.

Aliporejea barazani vidole vilikuwa bado havina nguvu, na mkasi wake ni lile lichuma zito la zamani. Nikainama, nikatoa wangu mwepesi, nikamnyooshea. Akautazama, akatazama chini ya kiti changu.

"Asante, dada," akasema kwa upole. "Urudishe tu pale unapokaa siku zote."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akachukua wake kwa mkono wa kushoto, akaanza kukata polepole.