Sweta ya Kijani

Wanawake wenzangu huwaonea wivu mama wakwe zao kwa sababu ya waume. Mimi nilimwonea wivu mama mkwe wangu kwa sababu ya paka, na sioni haya kulisema, maana paka yule nilimlea mwenyewe. Nilimwokota pale Iyunga, hapa Mbeya, kando ya barabara kuu, macho hayajafunguka vizuri, nikamkuza kwa chakula kikavu cha paketi. Miaka minne hakulala kwingine ila miguuni pangu.

Kisha akaanza kukojoa kwa shida. Daktari wa mifugo, ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe na kuku, alimpapasa tumbo akanipasulia ukweli.

"Huyu hapati maji ya kutosha. Mzoeshe chakula cha majimaji. Dume mkojo ukimziba, siku mbili tatu umemzika."

Nikanunua nyama ya kopo, nikaimwaga yote kwenye sahani, nikaficha punje zake kavu. Alinusa, akakwangua sakafu kana kwamba anafukia uchafu, akaondoka zake. Jioni hivyo hivyo, kesho yake hivyo hivyo. Nilimbembeleza, nikamfokea, mwisho nikamrudishia punje huku nalia.

Wiki hiyo mama mkwe akaja kutoka kijijini kwake Kalenga kutibiwa macho. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya ilimtesa, nikampa sweta yangu nzito ya kijani. Alilitazama bakuli la paka kwa karibu.

"Mwanangu, huyu mnamlisha chakula cha kuku?"

Nilimweleza maneno ya daktari.

"Basi niachie mimi. Na macho haya nina kazi gani nyingine?"

Heshima ilinifunga mdomo. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, akazimwagia punje maji ya vuguvugu, akaziponda kwa kidole gumba. Baada ya siku chache akaongeza nyama ya kopo, kiasi cha ukucha tu, na bakuli akalipasha kwanza karibu na moto. "Nani anakula kitu cha baridi Mbeya hii?" Akachovya kidole, akampakazia paka mdomoni. "Kula, baba. Kula, baba yangu." Kila siku punje zikapungua na nyama ikazidi. Wiki ya tatu paka alikuwa anakula nyama tupu na mchuzi wake, na mkojo unatoka vizuri.

Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni niliungua. Paka wangu alikuwa analala mapajani pa mtu mwingine, juu ya sweta yangu mwenyewe! Nikirudi kutoka kazini nikimwita, alifumbua jicho moja akalifumba. Siku moja nilimnyakua nikamfungia chumbani pamoja nami. Alilia mlangoni mpaka nikamfungulia.

"Mwache tu, mwanangu," mama mkwe alisema. "Amezoea joto."

Joto! Nilitamani aondoke siku ile ile.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza stendi kwa furaha ambayo, hata kwa macho yale, nadhani aliiona. Sweta alikuwa ameiacha kitini, imekunjwa. "Usiifue kwanza," aliniambia akipanda basi. Sikumuuliza kwa nini. Nilipofika nyumbani niliitupa kwenye beseni la nguo chafu, nikafungua bomba. Maji yalikuwa yamekatika, nikaiacha humo humo.

Paka hakula. Nilipasha bakuli, nilichovya kidole, nilisema "kula, baba" kwa lafudhi yake ya Kihehe nisiyoiweza. Alinigeuzia mgongo. Siku ya pili alichuchumaa kwenye mchanga wake wa kujisaidia muda mrefu, akatoa matone mawili matatu. Nikameza kiburi nikapiga simu Kalenga.

"Sweta umeifua?" mama mkwe aliuliza.

"Bado, mama. Maji hayajarudi."

"Basi ivae."

Niliivaa. Ilinuka mkaa na mafuta yake ya kujipaka. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikachovya kidole. Paka akaja, akanusa mkono wa sweta kwa muda, akalamba, akamaliza bakuli zima. Alasiri alikojoa vizuri, akarudi, akapanda mapajani pangu, akajikunja.

Sikumwita. Niliogopa asije akaitambua sauti yangu, akashuka.