Fundi Sikio na Kompyuta Isiyoamka Asubuhi

Mtaani kwetu mafundi wa kompyuta wako watatu. Wawili ni vijana, meza zao za vioo, na ukiwapelekea kitu cha zamani wanakutazama kama umewaletea maiti. Wa tatu ni Fundi Sikio, na huyo ndiye ninayetaka kumwandika, kwa sababu watu wanamcheka, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka.

Sikio lake la kushoto halisikii. Kwa hiyo kila mashine anailalia kwa la kulia, shavu juu ya bati, macho kafumba, na wapita njia wanamtania, "Fundi, imekuambia nini leo?" Naye hujibu, "Imesema nyamaza." Alianza na saa za mkononi, akaja kwenye redio, na redio zilipokosa wenyewe akahamia kompyuta. Chumba chake kipo kati ya mshona viatu na duka la dawa, chembamba hata watu wawili hupishana ubavu. Ukutani ametundika bodi zilizokufa, kila moja kwenye msumari wake, na ole wako uziite takataka. Tena ana sheria moja: hafungui kitu mpaka mwenye nacho amalize kusimulia. Ukimwambia "haiwaki tu," anaweka bisibisi chini. "Mgonjwa hana mdomo. Mdomo ni wewe."

Mgonjwa wetu alikuwa kompyuta ya binti yangu. Mimi ni mshonaji tangu ujana wangu, na binti anatarizi nembo kwa mashine, kwenye sare za shule na za wauguzi. Ile mashine ya kutarizi ni ya zamani na haipokei amri ya kompyuta nyingine ila hiyo moja. Hizi za siku hizi hazina hata tundu la kuchomeka waya wake. Kompyuta ikifa, mashine inabaki chuma cha kuwekea vyungu. Na kiwanda kimoja cha nguo, mji wa mbali, kilikuwa kimemwita binti kazini na kinangoja jibu mpaka Alhamisi. Aliniambia wazi, "Mama, mashine ikiwa nzima nabaki. Ikifa, nakwenda." Nikamjibu, "Nenda, nani kakushika?" Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani, sina ninachofanya.

Jumanne mchana tukaifunga kompyuta kwenye shuka, tukampelekea. Binti akasimulia. "Wiki iliyopita mama aliugua homa siku tatu. Siku ileile ya kwanza, asubuhi, nabonyeza, feni inazunguka, inakata. Inazunguka tena, inakata. Kioo cheusi tii. Tangu hapo ni hivyohivyo."

"Na kabla ya hapo?"

"Ilikuwa inawaka vizuri kila siku."

Fundi akanigeukia. "Na wewe, mama, una la kuongeza?"

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?" nikasema.

Akaichomeka kwenye umeme. Chumba kile kina paa la bati, na saa nane mchana ni tanuri. Akabonyeza. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, na kioo kikatoa picha ya nembo ya wauguzi, taa na kitabu, kama haijawahi kuumwa. Mshona viatu alicheka mpaka akaangusha nyundo. Binti akaona haya. "Haki ya Mungu, fundi, nyumbani haiwaki!"

Fundi yeye hakucheka. Alikuwa amelala juu ya lile bati, anasikiliza. "Ikiwaka kwangu na ikakataa kwenu, basi sijaiona bado. Irudisheni. Kesho asubuhi nakuja, na kabla sijafika asiiguse mtu."

Jumatano saa moja alikuwa mlangoni na kikapu chake. Akabonyeza. Feni ikazunguka, ikakata. Ikazunguka, ikakata. Mtu mwingine angesikitika. Huyu alisugua mikono kama aliyeitwa mezani. "Ahaa! Leo imekubali kuumwa mbele yangu."

Akaivua bati la ubavuni. Nilikuwa nimejiapiza kutotazama, lakini shingo ikaniponza. Ndani mna bodi moja kubwa, mafundi wanaiita mazabodi, na juu yake mistari myembamba imekwenda pamoja, inapinda pamoja, haigusani. Nimeshona maisha yangu yote, na mshono ulionyooka vile sijawahi kuupata. Nikamwuliza nani kaupiga. "Mashine," akasema. Nikasema mashine hiyo ilifundishwa na mtu mwenye subira.

Akaanza kupunguza. Akatoa diski, waya hii, waya ile, vyote akavipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa kuvirudisha. Kile kipande cha kumbukumbu akakisugua meno yake kwa raba ya shule, akakirudisha. Akabadili betri ndogo ya duara. Akachomeka kisanduku kingine cha umeme alichokuja nacho. Kila akimaliza jambo moja anabonyeza, analala, anasikiliza. Feni inazunguka, inakata.

"Kwa nini usifanye yote kwa pamoja ukatupumzisha?" nikamwuliza.

"Nikifanya yote pamoja ikapona, nitajua imepona. Sitajua ilikuwa inaumwa nini."

Halafu kidole chake kikasimama kwenye ubavu wa plastiki wa kasha, upande wa ukutani. Palikuwa pamejikunja na kupiga weusi. "Hapa pameungua na nini?"

"Jua," nikasema.

Akatazama dirisha, ambalo lipo upande mwingine kabisa. "Jua hili linaingia kwa mlango upi, mama?"

Nikainama kuokota uzi sakafuni. Yeye akainama tena, akasikiliza, na safari hii alikaa muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. "Nimetoa kila kinachotoka. Imebaki bodi yenyewe na ubongo wake, ile prosesa. Kapasita ninaziona hapa, hivi vikopo vidogo, na vikifa huwa vinavimba kichwa. Hivi vyote bapa. Basi nina wasiwasi ni ule ubongo, na kama ni ule, wa umri huu sina wala simjui aliye nao. Nitafunga niwaachie."

Binti akainuka. Akafuta mikono kwenye gauni, akachukua simu, akaanza kutafuta namba ya kiwandani.

Hapo nikaona ujeuri wangu umenifikisha ukutani. Kusema ni aibu, na kunyamaza ni kumfungasha mwanangu kwa mikono yangu. Nikasema, "Weka simu chini."

"Mama, niache."

"Weka chini, nimekuambia. Fundi, iliungua kwa pasi."

Wote wawili wakanitazama. Nikaeleza haraka nisije nikajuta. Miezi mitatu nyuma niliibonyeza asubuhi nimwashie binti kabla hajaamka, ikakataa. Nikapiga pasi nguo za wateja palepale mezani, pasi iko jirani yake, baadaye nikajaribu tena ikawaka. Kesho yake vivyo hivyo. Tangu siku hiyo nikawa naamka kabla yake, naisimamisha pasi ya moto ubavuni mwa kompyuta, naiotesha kama kifaranga, na binti akija anaikuta nzima. Nilipopatwa na homa hakuna aliyeiotesha, na nilipoinuka binti alikuwa habanduki mezani, sikupata upenyo.

"Miezi mitatu!" binti akasema. "Miezi mitatu unanifanya mjinga?"

"Ungejua inakufa ungeondoka."

Fundi hakuwa na habari na ugomvi wetu. Macho yamemtoka. "Subiri, subiri. Rudia. Ikipata joto inawaka?"

"Mara zote."

"Mama! Jana kwangu ilikuwa na joto la bati! Wewe umeipima miezi mitatu, ukanyamaza na majibu. Mficha maradhi, kifo humwumbua, na ulikaribia kuniumbua na mimi." Akanituma pasi. Akaisogeza kando ya bodi, akahesabu kimoyomoyo, akabonyeza. Ikawaka. Akaizima, akaiacha ipoe mpaka tulipomaliza chai, akabonyeza, ikakataa. Ndipo akachukua chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia, akawa anasogeza ncha karibu na kikopo kimoja kimoja bila kukigusa, na kwa kila kikopo anabonyeza. Cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna kitu. Nilijikuta nahesabu naye kwa sauti. Kwenye cha sita feni ilizunguka muda mrefu kidogo kabla ya kukata. Cha saba, jirani yake, vivyo hivyo. Akavipasha vyote viwili, na picha ikatokea.

"Hivi vimekauka ndani bila kuvimba," akasema. "Vikipata joto vinapata nguvu kidogo, kama wazee." Akanitupia jicho. Nikamwambia achunge ulimi.

Alikwenda dukani kwake, akang'oa viwili vilivyo hai kwenye bodi moja ya pale ukutani, akarudi akaviunga mchana huohuo, na vyote alivyovitoa akavirudisha. Lakini alikataa tusherehekee. Kipimo ni asubuhi ya baridi.

Alhamisi asubuhi fundi akaniweka mlangoni, mikono mgongoni kama mwizi, mbali na pasi. Binti akabonyeza. Feni ikazunguka, ikaendelea, taa na kitabu vikatokea.

"Itaishi miaka mingapi, fundi?" binti akauliza.

Nilimkazia macho aseme kumi. Alinielewa vizuri sana, na bado akasema, "Viwili ni vizima. Vingine vyote ni vya umri uleule wa vilivyokufa. Vikianza kukauka niite, nitavibadili. Miaka siapi." Nilitamani kumziba mdomo.

Binti akatoka na simu kibarazani. Nilisikia nusunusu: nina nembo za wauguzi mpaka wahitimu, mwaka huu sitaweza. Akarudi, akakaa kwenye mashine.

"Nimewajibu siji."

"Sijakuuliza."

"Najua. Ndiyo shida yako, huulizi."

Fundi alikuwa anafunga kikapu polepole mno, lile sikio la kulia limeelekea kwetu. Nikamgeukia binti. "Haya, nakuuliza. Unataka kubaki, au unanihurumia?"

Akaingiza uzi kwenye tundu la sindano, mara moja, hakukosea. "Nataka kubaki. Na wewe nakuhurumia vilevile. Sogea, unanikinga mwanga."

Nikasogea.