Joto la Chumba cha Kimea

Salvina wa Shirimatunda alikuwa na chumba kimoja ambacho mimi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, sikuwahi kukitia mguu tangu nihamie. Sikualikwa, na ningejialika ningefukuzwa. Mimi ni Mnyaturu, nimeletwa Moshi na ndoa na cherehani, na kwa Salvina jicho la mgeni likiangukia kimea, kimea kinaharibika. Alinieleza hivyo bila kunionea haya, huku akinywa chai yangu.

Kimea ndicho kilichomlisha. Ni ulezi uliolowekwa, ukafunikwa majani ya migomba gizani mpaka uchipue, ukaanikwa, ukasagwa. Bila huo hakuna mbege, pombe ya Wachaga, kuna ndizi zilizochemshwa tu. Salvina alizaliwa Kibosho, juu mlimani, akaolewa huko huko, akashuka mjini mumewe Thadeus alipopata kazi kiwandani. Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, Thadeus alibaki na redio yake na maoni mengi kuhusu serikali, naye Salvina akabaki na pipa la mbege. Watu walitoka mbali kuja kunywa kwake. Wengine walikuja kwa mbege, wengine kwa matusi yake, maana alikuwa na ulimi wa kumvua mtu nguo, na hakuna aliyekasirika.

Chumba cha kimea alikijenga mwenyewe nyuma ya jiko, kwa udongo, bila dirisha, mlango wake mfupi. Ulezi ukichipua una joto lake wenyewe. Ukiuwekea mkono ni kama umegusa paji la mtu mwenye homa. Juu yake huota nyuzi nyeupe, Salvina akiziita ndevu, na kimea chenye ndevu ndicho alichokisifia. Wakati wa jua ndevu hizo zilikuwa mizizi tu. Wakati wa mvua, kimea kilipokataa kukauka, kilichoota juu yake kilikuwa ukungu, wa kijivu na kijani, ukiutikisa unafuka. Yeye aliuita ndevu vile vile. Aliwaona mama mkwe wake na mama wa mama mkwe wakiufikicha na kuendelea na kazi, naye akaendelea.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue tulipokuwa tunakwenda, maana sisi wenyewe hatukujua.

Mwaka wa tisini na saba, katikati ya baridi ya Juni, binti yake Beatrice alimleta mwanawe Evelyn alelewe na bibi, yeye akarudi Arusha kwenye kazi ya hoteli. Mtoto alikuwa na miaka sita, mwembamba, na maswali yasiyokwisha. Alikaa chini ya cherehani yangu akiokota vipande vya vitambaa na kuniuliza kwa nini Wanyaturu hawana mlima. Nilimpenda mara moja. Alikuja na kifua chepesi, na baridi ya Moshi ikamkamata, usiku akawa anakohoa. Basi Salvina akafanya kile ambacho bibi yeyote wa Kibosho angekifanya: akatandika godoro mahali penye joto kuliko pote nyumbani mwake. Mahali hapo palikuwa chumba cha kimea.

Mimi sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba kila asubuhi mtoto alitoka macho mekundu, kifua kikipiga filimbi, na kila alasiri akapata nafuu kidogo.

Walimpeleka zahanati, mojawapo ya zile za watu binafsi zilizokuwa zikifunguliwa kila mtaa miaka ile. Mganga akasema ni pumu, na kwamba mji wetu una misimu yake: kuna majira vumbi la maua na nyasi hupeperuka, kuna majira ukungu huota, na yote mawili yangemfunga Evelyn kifua. Wamkinge nayo. Salvina alirudi amelishika neno la maua kwa mikono miwili. Adui aliyemwona kwa macho alikuwa mjakaranda uliosimama uani kwangu, na Oktoba ile ulikuwa umechanua mpaka bati letu lote likawa zambarau.

Akaja na panga la Thadeus.

"Mama Given, mti wako unaniulia mjukuu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mti huo ulikuwapo kabla yangu na kabla ya pipa lake, na kwamba kivuli chake ndicho kinachonipa riziki. Lakini Evelyn alikuwa nyuma yake, akihema kwa mabega, na mabega yale yalinishinda. Tukaukata. Wiki hiyo jua lilikuwa kali, Salvina akatoa kimea chote nje kuanika, chumba kikabaki kitupu, na mtoto akaruka kamba kuanzia asubuhi hadi jioni. Bibi yake alipita nyumba kwa nyumba akitangaza ushindi. Hata mimi niliamini, nikashona juani bila kinyongo.

Kisha mvua ikaja. Jina la El Nino tulikuwa hatujawahi kulisikia, ghafla kila mlevi wa pale uani alikuwa bingwa wake. Ilinyesha Novemba, ikanyesha Krismasi, ikaingia mwaka mpya bado inanyesha. Mji mzima ukaota ukungu. Uliota kwenye viatu, kwenye jalada la kitabu changu cha nyimbo, kwenye vitambaa vya wateja nilivyovikunja vizuri jana yake. Asubuhi ungepita mtaani ukasikia nyumba zote zinakohoa. Nilianza kuogopa na sikujua naogopa nini.

Salvina hakuwa mzembe. Sitaki mtu aseme hivyo mbele yangu. Sasa alilikumbuka neno la pili la mganga, akaupiga ukungu vita. Alisugua kuta za sebuleni, akapaka chokaa, akachoma viatu vya Evelyn vilivyoota kijani, akafua mablanketi na kuyakausha juu ya moto. Na kila mara mtoto alipozidiwa, alimsogeza karibu zaidi na ulezi, kwenye joto, akiufunga mlango vizuri ili upepo usipite. Kimea hakikukauka tena. Kilipangwa juu ya godoro, kando ya godoro na miguuni pa godoro, na ndevu zake zilikuwa ndefu.

Siku moja nilimwuliza Evelyn analala wapi. Bibi akajibu kwa niaba yake, "Penye joto." Nilidhani ni jikoni. Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Asubuhi moja ya Februari nilisikia Salvina akiniita kwa sauti nisiyoijua. Alikuwa amesimama kwenye ule mlango mfupi.

"Ingia, Mama Given. Ingia, mimi nimeshindwa."

Nikainama nikaingia. Harufu ilinipiga puani, nzito na chachu, nami nikakohoa kabla sijaona kitu. Evelyn alikuwa ameketi kitako, mikono juu ya magoti, mdomo wazi, midomo rangi ya jivu. Hakuwa na sauti. Nilipomnyanyua, mguu wangu uligonga ungo, na vumbi la kijivu likainuka polepole likatutulia vichwani sote watatu. Nilikimbia naye kwenye tope hadi barabarani, na mwenye pikapu mmoja, Mungu ambariki, akatupeleka hospitali.

Walimwekea hewa na kumchoma sindano. Tulikaa kwenye benchi, Salvina akisali rozari. Daktari kijana, Sylvanus, alizitazama nywele zetu, akauliza vumbi lile ni la nini. Nikasema nilichokiona. Salvina akageuka kunitazama kana kwamba nimemwibia.

"Kimea hakiui mtu," alisema. "Nimezaliwa juu ya kimea."

Daktari hakumfokea. Alimweleza kwamba ukungu alioutafuta ukutani alikuwa akiulaza na mtoto, na kwamba mwili wa bibi umeuzoea ila kifua cha mjukuu kimeukataa. Hata nguo zako, mama, alimwambia, usimkaribie nazo. Mama mmoja kwenye benchi akajitia hekima, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilitamani kumzaba kofi. Salvina aliitazama kanga yake, akainuka, akaenda kukaa benchi la mwisho, peke yake, na hapo ndipo alipolia.

Evelyn alipona. Beatrice akaja, akamchukua Arusha, wala hakumuaga mama yake. Juma lile lile Salvina aliubomoa ule ukuta wa udongo kwa jembe, mwenyewe, Thadeus akiangalia. Pipa aliliuza. Akawa anauza ndizi sokoni Kiboriloni, na wateja wake wa mbege wakampitia bila salamu. Mwaka mzima alituma salamu Arusha kwa kila aliyekwenda. Alitaka jambo moja tu: mtoto aje Krismasi.

Beatrice akakubali. Wachaga Krismasi hupanda mlimani kwao, na mwaka ule nami nikaalikwa Kibosho, mimi mgeni. Hapakuwa na tone la mbege; Salvina alikataza, ndugu wakanung'unika. Alikuwa ameoga mara mbili na kuvaa kitenge kipya ambacho nilimshonea mimi, alichokifunga kwenye nailoni mpaka asubuhi ile. Gari lilipopanda ile barabara mbovu na kusimama, alitoka migombani akikimbia, mikono wazi, akisema Ruwa, Mungu wa Wachaga, amemkumbuka.

Evelyn alishuka. Amenenepa, amerefuka. Alimwona bibi yake anakuja, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa gari, akajiziba pua na mdomo kwa mkono wa gauni.

"Shikamoo bibi," alisema kutoka nyuma ya kitambaa. "Simama hapo hapo."

Salvina akasimama. Akaitikia marahaba, mikono bado iko wazi.