Sehemu ya Faksi

Nilipoitwa kubadilisha mfumo wa kompyuta kwenye zahanati moja ya Sinza, nilikuwa nimevimba kichwa kweli kweli. Mfumo wao ulikuwa wa kizamani, skrini nyeusi na maandishi ya kijani. Nikamwambia mwenye zahanati kuwa Jumamosi nahamisha kila kitu, Jumatatu wanaanza na mpya.

Mama wa mapokezi, aliyekuwepo tangu mashine ile inatolewa kwenye boksi, aliomba isizimwe kwanza. Nikaitikia kwa adabu, moyoni nikimwona mbishi tu. Wakati wa kuhamisha nikakuta sehemu ya kuandika namba ya faksi ya mgonjwa. Nikacheka peke yangu. Sinza hii nani ana faksi? Sehemu yote nikaiacha.

Jumatatu asubuhi dada mmoja alimleta mwanawe, na tabibu akamwandikia dawa yenye salfa. Mama wa mapokezi aliitazama ile karatasi, akaizuia.

“Huyu salfa inamdhuru. Zile za faksi umeziweka wapi, mwanangu?”

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha kwenye mashine ya zamani. Mfumo ule haukuwa na mahali pa kuandika dawa zinazomdhuru mgonjwa, kwa hiyo miaka yote alikuwa akiziandika kwenye sehemu ya faksi. Asipewe salfa. Asipewe penisilini, alivimba uso. Ukurasa baada ya ukurasa. Niliona haya, na niliogopa kuliko siku yoyote kazini.

Tukaanza upya, safari hii taratibu. Mashine mbili zikafanya kazi pamoja, yeye akinisomea, mimi nikiingiza, huku akinitania kwamba nadonoa kibodi kama kuku. Nikatengeneza onyo jekundu la kutokea kabla dawa haijaandikwa.

Siku onyo lilipomzuia tabibu kwa mara ya kwanza, mama alikuwa amesimama nyuma yake, kanyamaza makusudi. Tabibu akabadilisha dawa mwenyewe. Nikasubiri sifa zangu. Mama akachukua karatasi, akaandika barua ya kuomba likizo, ya kwanza tangu aajiriwe.

“Nilikuwaga naogopa hata kuumwa,” aliniambia. “Nikilala mie, matabibu nani angewaambia?”

Wiki iliyofuata alikwenda Tanga kumwona mjukuu wake wa kwanza, ambaye alikuwa tayari anatembea bila yeye kuwahi kumbeba.